Mboji ya Bi Kazija

Katika mambo ya kuozesha vitu, Bi Kazija hakuwa na wa kumfundisha, na hilo ndilo lililomponza. Tangu alipokuwa mwanamwali kule Jongowe, kisiwani Tumbatu, kazi yake ilikuwa makumbi ya nazi. Huyafukia kwenye tope la pwani, akayagandamiza kwa mawe, akayaacha yalale humo miezi na miezi mpaka maji ya chumvi yayalainishe. Kisha huyafukua, akayaponda kwa mti, akapata usumba wa kusokotea kamba. Kamba zake zilisifiwa mpaka Mkokotoni. Kwa hiyo alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba kitu ukitaka kioze vizuri kifukie, kiroweshe, kibane, kisha kisahau.

Mumewe alipofariki, mwanawe wa pekee, Machano, alimwendea akamchukua kuja kukaa naye Kiembe Samaki. Machano alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, na alikuwa na kijumba cha udongo na mawe, ua wa makuti nyuma, na mke aitwaye Wanu, mtoto wa Jang'ombe, mpole, mchache wa maneno. Bi Kazija alipokewa kwa heshima zote, na taabu ikaanzia hapo, maana heshima ikizidi huwa kama kufungwa. Akishika ufagio, Wanu anaupokea. Akisogelea jiko, Wanu anamtandikia mkeka. Pumzika, mama, asubuhi na jioni, pumzika, mama. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Kazija alikuwa ameshamaliza miezi, na jembe hajapewa. Akaanza kujiona kuwa ni mzigo mmoja katika mizigo ya Machano, tena ule usiokuwa na ndege wa kuupakia.

Siku hizo, miaka ya sabini ilipoanza, mchele ulikuwa wa foleni na unga wa kubahatisha, na redio ikiwahimiza watu walime hata nyuma ya nyumba. Alasiri moja, akiwa peke yake, Bi Kazija alimsikia bwana mmoja redioni akieleza namna ya kutengeneza mboji. Maganda na mabaki ya jikoni yasitupwe, alisema, yatiwe shimoni, yapewe maji, yafunikwe, na kwa muda wake yatageuka mbolea nyeusi ya kuotesha mboga hata penye mawe. Hapo betri zikafa. Bwana yule alikuwa bado ana mengi ya kusema, lakini Bi Kazija hakuona hasara. Nusu iliyobaki alikuwa nayo mwenyewe kichwani, tayari, ya makumbi.

Ua ule ulikuwa na udongo mwembamba. Ukipiga jembe mara moja, la pili linagonga jiwe. Yeye aliuona umejaa mchicha na mabilingani, na Wanu akiwaambia wageni kwamba mboga hizi ni za mama. Akaliazima jembe kwa jirani, wala hakumwambia mtu.

Alichimba pembeni mpaka jiwe likamkatalia. Akatia maganda ya muhogo, maganda ya ndizi na ya fenesi, matumbo ya samaki na vichwa vyao, na kila jioni akamimina ndoo ya maji. Shimo lilipojaa akalitandika makuti, akalisiliba kwa udongo, akapanga mawe juu na kuyakanyaga kwa miguu miwili. Jioni ile alikula vizuri kuliko siku zote.

Harufu haikukawia. Mwanzo ilikuwa ya kukisiwa, kila mtu akidhani labda paka kafa mahali. Baadaye hapakuwa na haja ya kukisia. Nzi walijaa, na maji meusi yakachuruzika kutoka pembe ya shimo kuelekea jikoni. Mtu mwengine angesimama akajiuliza kakosea wapi. Bi Kazija alikwisha kupata jibu kabla ya swali: makumbi yakivunda vibaya ni kwa sababu maji ya chumvi hayajayafikia, kwa hiyo shimo lake limekosa bahari. Akajitwika ndoo, akashuka pwani ya Mbweni, akateka maji, akarudi nayo jua likimpiga utosini, akayamimina yote mle ndani. Vile vichwa vya samaki vingekuwa bado na ulimi, vingecheka.

Jirani yao alikuwa Bi Shemsa, mwanamke wa makamo mwenye kuku wengi na maneno mengi zaidi. Ndiye aliyemwazima jembe, na sasa alijuta. Alikuja amejiziba pua, akatoa rai kwamba uvundo wa shimo ni uvundo wa shimo, na dawa yake ni chokaa, kama chooni. Akalimwagia shimo kopo zima. Sasa shimo lile lilikuwa limepata kila kitu isipokuwa kile lilichokuwa likikitaka. Kuku wa Bi Shemsa nao wakawa wanapenya uani, wanaparura ukingo wa shimo wakitafuta funza, na kutawanya taka huku na huku. Bi Kazija aliwafukuza kwa mawe asubuhi na jioni. Aliwachukia kuku wale kama mtu anavyowachukia wanaojua siri yake.

Wanu alianza kujifunga mtandio puani kila anapotoka uani, na akawa hodari wa kutema mate. Asubuhi moja alichomoka jikoni mbio, akaegemea ukuta, akatapika, na Bi Kazija alikuwa papo hapo na ndoo yake mkononi. Hakumuuliza anaumwa nini. Angeuliza, hadithi yote hii isingekuwepo. Zamani, Bi Kazija akiwa bado kijana, alikwenda na mumewe sokoni Darajani kuuza kamba, na mwanamke mmoja wa mjini akavuta buibui lake akajiziba pua na kumwambia mwenzake kwamba hawa watu wa makumbi unawasikia kabla hujawaona. Bi Kazija hakuwahi kumsimulia mtu maneno yale, lakini hakuwahi kuyasahau. Sasa akamtazama mkwewe na mtandio wake, akaona ni mwanamke yuleyule.

Haikupita wiki, Wanu akafunga nguo zake kwenda kwa mama yake Jang'ombe. Aliaga kwa adabu, akasema anakwenda kupumzika kidogo, na macho yake yalikuwa mekundu. Jioni Machano aliporudi kazini alikaa mbele ya mama yake akikuna goti.

"Mama," alisema, "nnakuomba lile shimo tulifukie."

"Mkeo kasema nanuka?"

"Hakusema hivyo."

"Kasema nini, basi?"

Machano alifungua kinywa, akakifunga tena, kama mtu aliyekumbuka kiapo. "Hawezi harufu, mama. Basi."

Bi Kazija akaitikia kwa kichwa. Akaingia chumbani, akakunja kanga zake moja moja, akazifunga furushi, akaliweka nyuma ya mlango. Jumamosi angepanda gari la shamba mpaka Mkokotoni, avuke kwao. Alikuwa na huzuni, alikuwa na aibu, na alikuwa na hasira. Nyumba ya mwanawe ilikuwa imekosa bibi wa nyumba kwa ajili yake, na hakuona njia ya kumrudisha Wanu ila yeye mwenyewe kuondoka.

Lakini hakuwa mtu wa kumwachia mwenzake uchafu wake. Siku ya pili, Machano alipokwisha kwenda kazini, alichukua jembe ili alifukue shimo lile na kulisafisha kabla hajaondoka. Akaondoa mawe, akabandua udongo. Chini yake mlikuwa na uji mweusi uliomtoa machozi, na ganda la ndizi la siku ya kwanza lilikuwa bado ni ganda la ndizi. Akauchota ule uji ndoo kwa ndoo, akauzika kichakani mbali na nyumba, akimlaani bwana wa redio, betri zake, na asili yake. Alipofika kwenye ukingo, pale kuku wa Bi Shemsa walipokuwa wakiparura, jembe likaingia laini.

Akasimama. Pale hapakuwa na mawe juu wala maji yaliyotuama. Taka zilikuwa zimechambuliwa na kuchanganywa na majani makavu na vipande vya makuti, na zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia, zinamomonyoka. Akainama kwa woga, akanusa. Ilikuwa ni harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Akapenyeza mkono ndani yake, akauchomoa, akaupenyeza tena. Mlikuwa na joto.

Bi Kazija alikaa kitako palepale chini, jembe mapajani. Makumbi hayapati joto. Ukiyafukua, yana baridi ya tope, na usumba wake umetoka mzima, mrefu, haukuliwa na kitu. Na hiyo ndiyo sababu ya kuyabana na kuyanyima hewa, ili nyuzi zisiharibike. Maisha yake yote alikuwa akijiita bingwa wa kuozesha, na kumbe alikuwa akifukia kitu ili kisiishe. Hizi taka alizitaka ziishe, zigeuke. Shimo hili lilikuwa kama jiko la mkaa: ukiliziba pumzi, moto unakufa na moshi ndio unaobaki ndani. Usilolijua ni usiku wa giza, na aliyemwashia taa alikuwa ni yule kuku wa Bi Shemsa mwenye shingo tupu, aliyempiga jiwe juzi.

Machano aliporudi, mama yake hakumwambia habari za kuku. Alimwambia tu ampe mpaka mwezi uandame mara tatu. Pakinuka siku ile, ataondoka. Wanu asiporudi, ataondoka vilevile. Furushi likabaki nyuma ya mlango, limefungwa.

Mara hii hakuchimba. Alisimamisha vijiti juu ya ardhi, akavizungushia makuti yenye matundu, akaanza lundo jipya. Chini kabisa majani makavu ya mfenesi, juu yake maganda ya jikoni, kisha makavu tena, kama mtu anayepanga sufuria ya biriani. Samaki hapana, matumbo yao alipewa paka. Akapita kwa Bi Shemsa kumwomba amruhusu kuku wake waje washinde uani. Bi Shemsa alimtazama sana, akauliza ni wale waliokuwa wakipigwa mawe au wengine. Akaambiwa ni walewale. Akawatoa, lakini kwa siku kadhaa alichungulia juu ya ua kuhakikisha hawachinjwi.

Isidhaniwe kuwa alipatia moja kwa moja. Kwa kuogopa maji, aliliacha lundo likauka kama mkeka, likakaa tu, halikui wala halipungui, na sisimizi wakahamia humo na jamaa zao wote. Akarudisha maji, yakazidi, na ile harufu ya zamani ikachungulia kama mdai. Akalibomoa lote, akaongeza makavu, akaongeza na mabaki ya usumba, akalipanga upya. Mwisho alipata kipimo chake, na hakukipata redioni. Alikipata akikuna nazi. Ukichukua gao la mboji kiganjani ukalikamua, likikutoka tui, limezidi maji. Likikupukutika mkononi, lina kiu. Linatakiwa liwe kama chicha iliyokwisha kukamuliwa, lishikane na likupe unyevu wa kiganjani tu. Tangu hapo hakukosea. Kila baada ya siku chache alilipindua kwa jembe, kuku wakimsaidia, na kila asubuhi aliingiza mkono kulipima joto, kama mama anavyompima mtoto homa, isipokuwa yeye alifurahi akilikuta nayo.

Machano alipopata betri, bwana wa redio akarudi na somo lake, na safari hii akalimaliza. Lundo lipate hewa, alisema. Lipinduliwe. Lisitiwe samaki wala chumvi. Bi Kazija alikuwa akimenya muhogo. Akaigeukia redio akaiambia kwamba ungesema mapema, nami nshajua, kisha akaendelea kumenya.

Lakini Wanu hakuwa amerudi. Machano alikuwa akimtembelea Jang'ombe, anarudi na salamu, na salamu zenyewe hazina nyama: Wanu hajambo, anakusalimu, bado anapumzika. Lundo lilishuka, likawa jeusi, likanukia vizuri mpaka wapita njia hawakujua kuna kitu. Bi Kazija hakuona raha yake. Kufaulu penye nyumba isiyo na mtu ni sawa na kupika siku ya kufunga. Mwezi uliandama mara ya tatu, akauona, akaomba dua, akalitoa furushi nyuma ya mlango akaliweka kitandani.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, bado yuko juu ya msala wake, alisikia mlango wa uani. Akachungulia dirishani. Alikuwa ni Wanu, kavaa buibui, kaja peke yake, mtandio puani. Hakuingia ndani. Alisimama katikati ya ua kama mtu anayesubiri kupigwa, kisha taratibu akaushusha mtandio. Akavuta pumzi. Akavuta nyengine. Akalisogelea lile lundo, akachutama, akachota gao, akalinusa macho kayafumba. Akageuka kutazama kama yuko mtu. Halafu akachukua kidonge cha ile mboji, akakitia kinywani.

Bi Kazija alishika dirisha. Uso ule aliujua. Aliwahi kuuvaa yeye mwenyewe. Alipokuwa na mimba ya Machano alikuwa akiubandua udongo wa ukuta na kuula, mpaka mumewe akamwambia atawaangushia nyumba. Akaukumbuka mtandio, na mate, na asubuhi ile ukutani, na mwanawe aliyefungua kinywa akakifunga. Yote yalikuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo, na yeye kaangalia Darajani, kwa mwanamke wa miaka mingi nyuma. Alijionea aibu kubwa, na ndani ya ile aibu furaha ilikuwa imeshaanza kupasua njia. Akatoka.

Wanu alificha mkono nyuma. "Shikamoo, mama," alisema, na meno yake yalikuwa meusi.

"Marahaba. Tema, mwanangu. Humo mna mavi ya kuku."

Wanu akatema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Bi Kazija akamkalisha juu ya mkeka, akamletea maji asukutue, akamngoja.

"Mara mbili nlisema mapema, mama," Wanu alisema, "na mara mbili ikatoka. Safari hii nkamwapisha Machano asimwambie mtu, mpaka ikae. Si wewe nliyekukimbia. Nlikuwa siwezi harufu yoyote, hata ya sabuni."

"Mie nlidhani nanuka mie."

Wanu akajifuta macho. "Ulikuwa unanuka, mama. Lakini na Machano alikuwa ananuka vilevile."

Wahenga wamesema mficha uchi hazai, lakini hawakumjua Wanu. Bi Kazija hakumlaumu. Aliuliza tu kama sasa imekaa, akaambiwa imekaa, na imeanza kucheza. Akaingia ndani, akalifungua furushi kitandani, akatoa kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, ile aliyombebea Machano mgongoni, akaja akaiweka mapajani mwa Wanu. Zile nyengine alizirudisha kwenye kasha. Akasema kesho atamtafutia udongo safi wa kula, ule wanaouza kina mama sokoni, na lundo lile aliachie mchicha.

Bi Shemsa hakukawia. Sauti yake ilitangulia juu ya ua, uso ukafuata. "Bi Kazija! Mkweo karudi?"

"Karudi."

"Kafuata nini?"

Bi Kazija alimtazama jirani yake. Ilikuwa ni habari kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na mtu wa kumpa alikuwa amesimama mbele yake masikio wazi. "Mboji," alijibu. "Kaipenda harufu yake."

Bi Shemsa akacheka mpaka kuku wakatawanyika, akasema tangu azaliwe hajasikia mtu anarudi kwa mume kwa harufu ya takataka, na akaenda zake kuisimulia. Bi Kazija akamwacha acheke. Lundo lilikuwa halijapinduliwa, na jua lilikuwa linashuka, akageuka kulitafuta jembe pale ukutani alipoliegemeza.

Halikuwepo. Wanu alikuwa amesimama nalo. Bi Kazija akanyoosha mkono haraka ili amkataze, lakini Wanu hakuwa na nia ya kulima. Alilishika kwa mikono miwili, akampa.

"Jembe lako, mama," alisema, akarudi kwenye mkeka, akakaa, akapumzika.